Maneno ya Kuita Muntu: Kiswahili, Kiingereza na Kicheki

Mazungumuzo ya mwalimu wa kozi ya Kiingereza ku mukutano mukuu wa wanachama, Likasi

 

Komite iliniomba niwape habari ya kozi ya Kiingereza: wanafunzi ni wangapi, vitabu ni vingapi, franga zilitumika namna gani. Hesabu hizo ziko mu ripoti, na mwenye kutaka kuzichunguza achunguze. Leo nataka kuzungumuza juu ya kakitabu kamoja, kiisha juu ya neno moja lililosemwa mu klasi yangu. Nitaanza na kakitabu, sababu lile neno ni chungu, na dawa chungu hainywewi tumbo tupu.

Mwaka uliopita tulipokea katoni ya vitabu vya Kiingereza vilivyokwisha kutumika. Chini kabisa kulikuwa kakitabu ka shule, kifuniko kimechanika. Upande wa kushoto kulikuwa maneno ya Kiingereza juu ya mwanadamu: mwili wake, jamaa yake, umri wake, tabia yake, kazi yake. Upande wa kuume maneno yale yale mu luga ambayo hakuna muntu aliijua. Kijana mmoja akasema ni Kirusi. Mwingine, anayeimba mu kwaya, akasema ni Kilatini. Nikapiga foto, nikamutumia mutoto wa yaya yangu anayesoma mu muji wa Brno. Akajibu kwa sauti, anacheka: "Tantine, hiyo ni Kicheki! Hayo maneno njo nasikia kila siku mu bisi!" Toka pale, kila siku ya mposho anatutumia sauti ya maneno kumi, na vijana wangu wa Kikula na Panda wanarudilia pamoja kama wako ku misa.

Wengine wenu muliniuliza: "Mwalimu, batoto wetu hawajajua Kiingereza vizuri, Kicheki ni cha nini?" Ni ulizo la haki. Neno la kwenu huliangalii. Unalitumia tu, kama jembe. Ukiliweka pembeni ya jembe la mugeni, njo unaona mupini wake ulikatwa ku muti gani.

Tena Ucheki si mbali na shiye kama munavyofikiri. Ni nchi ya katikati ya Ulaya, haina bahari, sawa na Katanga. Kule mu milima kuna muji mudogo, Jáchymov. Mawe ambamo Marie Curie na bwana yake Pierre waligundua radiumu mwaka 1898 yalitoka kule. Jáchymov ilitoa radiumu, kiisha madini ya Shinkolobwe yakaanza kutoka mu miaka ya 1920. Shinkolobwe munaijua, ni hapa nyuma yetu, mwendo wa kilometa karibu 20. Kwa hiyo bazee wetu na bazee wao walichimba jiwe la namna moja, kila mmoja chini ya mulima wake, bila kujuana jina.

MUNTU NA BANTU

Tufungue ukurasa wa kwanza. Kiingereza: "person" ni mmoja, "people" ni wengi. Kicheki: "člověk" ni mmoja, wanalitamka karibu "chloviek", "lidé" ni wengi. Angalieni: mu luga zile mbili, muntu akiongezeka jina lake linabadilika kabisa, kama vile akiingia mu kundi anakuwa kitu kingine. Shiye hapana. Muntu, bantu. Watanzania wanasema mtu, watu. Wabemba wanasema umuntu, abantu. Tshiluba ni muntu, bantu. Muzizi haupotei, ni kichwa tu cha neno kinabadilika. Mu bantu elfu moja unaweza bado kumuona muntu. Mwaka 1862 Mujerumani mmoja, Wilhelm Bleek, alipotafuta jina la kuita jamaa ya luga zetu zote, alichukua neno hili hili: Bantu.

Kiingereza kina tena "human being", na Kicheki kinasema "lidská bytost". Wenye elimu ya maneno wanasema "human" ni ndugu ya "humus", udongo, mu Kilatini. Na shiye tunasema mwanadamu, mwana wa Adamu. Na mu Kiebrania jina Adamu liko karibu na "adama", ambayo ni udongo vilevile. Klasi ilicheka sana, sababu mu Likasi udongo ni kazi: kuna wanaouchimba, wanaouosha, wanaoubeba mu mifuko. Kijana mmoja akasema: "Kumbe shiye wote ni madini!" Nikamujibu: ndiyo, lakini ni madini yenye hakuna mununuzi anaweza kuyapima bei.

Ku ukurasa wa jamaa tulicheka zaidi. Kicheki kinasema "žena" kwa mwanamuke, na "žena" tena kwa bibi wa muntu. Kiingereza kinagawanya, "woman" na "wife". Nanyi munajua kama kwetu bibi ni yule umeoa, lakini ku Dar es Salaam bibi ni nkambo. Muzee mmoja wa chama chetu, aliyeishi kule, alimuonyesha jirani foto akasema: "Huyu ni bibi yangu." Jirani akaangalia foto, akajibu kwa heshima: "Mungu amuzidishie umri." Neno moja tu, na mama wa watu amezeeka miaka makumi ine bila yeye kujua.

MUGENI

Ukurasa wa tatu njo ulinisimamisha. Mu Kiingereza "host" ni mwenye nyumba, yule anayepokea. Mu Kicheki "host" ni mugeni, yule anayepokelewa. Herufi ine zile zile. Nilifikiri ni kosa la kuchapisha. Si kosa. Maneno yote mawili yanatoka mu muzizi mmoja wa zamani sana, ambao ulikuwa jina la bantu wawili wanaodaiana ukarimu: leo miye kwako, kesho weye kwangu. Kiisha njia zikaachana, luga moja ikabaki na mwenye kiti, ingine ikabaki na mwenye kusimama ku mulango.

Shiye tunasema mugeni. Wabemba wanasema umweni, Tshiluba ni muenyi. Munasikia kama ni neno moja. Na neno hili linabeba mambo mawili: mugeni tunayemuchinjia kuku, na mugeni tunayemuuliza "umetoka wapi, unatafuta nini?" Luga haikutuchagulia. Inatuacha pa mulango, shiye wenyewe tuchague.

Wacheki nao wana neno la kutuonya. Mujerumani, jirani wao wa toka zamani, wanamuita "Němec". Neno hilo linatoka mu "němý", maana yake bubu. Muntu ambaye hawakusikia luga yake walimuita bubu, hata kama alikuwa anasema toka asubui mpaka jioni. Ububu haukuwa mu kinywa chake, ulikuwa mu masikio yao.

MUFANYAKAZI

Ku ukurasa wa kazi, niliwauliza vijana: neno la kwanza la Kiingereza ambalo bankambo wenu walijua juu ya muntu ni gani? Hawakujua. Ni "boy". Mu Kiingereza ni mutoto mwanaume. Mu Kongo ya Wabelgiji "boy" alikuwa mutumishi wa nyumba, hata akiwa na mvi, hata akiwa na bajukuu.

Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu mu Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kilitoa kakitabu mu Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga. Aliyekaandika ni André Yav. Walikaita "Vocabulaire" ya muji wa Élisabethville, lakini ukikafungua hautakuta orodha ya maneno. Utakuta historia ya muji ule, namna waliyoiona wale waliopika na kufua. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikachapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mimi nawaza hivi: bantu walioitwa "boy" maisha yao yote, walipopata nafasi ya kuandika jambo moja, waliita kazi yao orodha ya maneno. Walijua kama neno njo mulango ambamo mambo mengine yote yanapita. Na walikuwa chama cha bantu bila mali, sawa na hiki chetu.

Kicheki nacho kilipatia dunia neno ambalo kila mutoto analijua: "robot". Karel Čapek aliliandika mu muchezo wake wa jukwaa wa mwaka 1920, na kaka yake Josef, muchoraji, njo alimupa lile neno. Linatoka mu "robota", kazi ya kulazimishwa ambayo bantu wa mashamba waliwafanyia mabwana zao. Bazee munaokumbuka salongo munaelewa "robota" bila tafsiri.

Sasa sikilizeni jambo moja la sarufi, ni fupi. Mu Kicheki, majina ya upande wa kiume yanagawanyika mu wingi: yenye uhai yana mwisho wao, vitu visivyo na uhai vina mwisho wao. Wingi wa robot unaweza kuwa "roboty", kama vitu, ao "roboti", kama walio hai. Čapek aliandika "roboti". Hao waliotengenezwa mu kiwanda, mwandishi aliwapa mwisho wa walio hai. Mushike hilo ku mukono, nitawaomba munirudishie.

NENO LENYEWE

Mu mwezi wa pili wa kozi, saa ya mapumziko, mutoto mmoja wa klasi yangu alimuita mwenzake "kilulu".

Aliyeitwa ni mutoto wa mama mmoja aliyefika toka Kasai mwaka uliopita. Aliyeita ni mutoto wa mwanachama wetu, na baba yake alilala ku gare ya Likasi mwaka 1992, mita chache toka mahali nililala mimi. Sitataja majina. Mutoto hakujua alichosema. Alisikia neno mu soko, akaliokota, namna batoto wanavyookota vizibo vya chupa.

Kwa bandugu wa mbali, nieleze. Kilulu ni mududu. Bilulu ni wadudu. Mu miaka ya 1992 na 1993 lilikuwa jina la bantu wenye asili ya Kasai mu Katanga, hata waliozaliwa hapa, hata wale ambao bankambo wao waliletwa hapa kwa kazi ya njia ya gari la moshi na ya madini. Mwanzo lilikuwa neno la kuchekesha mu bare. Kiisha likapanda mu hotuba. Mwaka 1992, bantu wakaanza kufukuzwa mu nyumba na ku kazi, na makumi ya maelfu wakakusanyika ku gare ya Likasi na mu shule, kungoja gari la moshi la kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawajapata kuiona.

Angalieni kazi ya lile neno. Mu luga zetu kila jina lina nyumba yake. Bantu wanakaa mu nyumba ya mu- na ba-: muntu, bantu, mutoto, batoto, mugeni, bageni. Vitu vinakaa mu nyumba ya ki- na bi-: kiti, biti, kisu, bisu, kilulu, bilulu. Anayekuita kilulu anakuhamisha kwanza mu sarufi. Anakutoa mu ba-, anakuweka mu bi-. Kukutoa mu nyumba ya matofali kunafuata nyuma, na siku ile wengi hawatashangaa, sababu vitu vinahamishwa kila siku.

Njo hapa munirudishie lile jambo la Kicheki. Kule, mwandishi aliwapa mashini mwisho wa walio hai. Hapa, walio hai walipewa mwanzo wa vitu.

Nilikuwa na miaka 13. Tulikaa ku gare wiki kumi na moja. Mvua ilitukuta pale chini ya shitingi. Mudogo wangu wa mwisho alishikwa na surua, tukamuzika mbele gari la moshi halijafika. Jirani wetu wa Kikula, mama mmoja Musanga, alikuja karibu kila siku na bukari na lengalenga mu sahani iliyofunikwa na kitambaa. Hakutupatia na kuenda. Alikaa chini pamoja na shiye, juu ya mizigo, mpaka tumalize. Siku moja kijana akamupigia kelele: "Mama, unalisha bilulu!" Akajibu bila kugeuka: "Nalisha batoto ba jirani." Alisema ba-. Mimi nilikuwa mutoto, sikujua sarufi, lakini nilisikia.

Mu Kicheki jirani ni "soused". Muzizi wake ni kukaa: ni yule mwenye kukaa pamoja nawe. "Neighbour" ya Kiingereza ni mwenye kuishi karibu. Walioishi karibu nasi walikuwa wengi. Waliokuja kukaa pamoja nasi, tuliwahesabu kwa vidole.

Sisemi haya kwa kufufua hasira. Wakatanga wengi walichukia yale yaliyofanyika, na walikuwa pia na malalamiko yao ya kweli juu ya kazi na vyeo. Wala sisemi kama ni shiye peke yetu duniani. Wacheki wanaijua habari hii, nao walisimama pande zote mbili. Jeshi la Hitler lilikalia nchi yao mpaka 1945 na kuua bantu wengi. Vita ilipoisha, Wajerumani karibu milioni 3 waliokuwa wanaishi mu nchi ile toka bankambo wao walitolewa, wengi kwa gari la moshi. Mbele ya kutolewa, wengi walivalishwa kitambaa cheupe ku mukono chenye herufi N, ya Němec. Ile ya bubu, munakumbuka. Na kazi yenyewe iliitwa "odsun", maana yake kusogeza pembeni. Neno safi kabisa, kama muntu anayesogeza meza apate kufagia. Kwetu iliitwa "refoulement". Nalo ni neno safi.

Gari la moshi lilitupitisha Tenke, Kamina, Kaniama, mpaka Mwene-Ditu. Kule batoto walicheka Tshiluba yangu, wakaniita Mukatanga. Nikawa Němec kwa zamu yangu: bubu mwenye luga mbili.

KUKIMBIA NA KURUDI

Kurasa za mwisho za kakitabu hazikuwa na maneno yetu, tukayaongeza kwa kalamu. Kiingereza "refugee" na Kifaransa "réfugié" zinaangalia mbele: ni yule anayetafuta mahali pa kujificha. Kicheki "uprchlík" na Kiswahili mukimbizi zinaangalia miguu: ni yule aliyekimbia. Bandugu zetu waliokaa Zambia, mu kambi za Kala na Mwange mpaka zilipofungwa mwaka 2010, wananiambia kama walijua "refugee" mbele ya kujua "good morning", sababu lilikuwa ku karatasi ya chakula.

Na kurudi? Kiingereza ni "returnee", Kicheki ni "navrátilec". Kuna hata jina la ukoo la Kicheki, Navrátil, ambalo maana yake ni "alirudi". Bazee wanaofuata michezo wanamukumbuka Martina Navratilova wa tenisi. Mwaka 1975, akiwa na miaka 18, aliomba kubaki Marekani, nchi yake ikamuhesabu kama amepotea. Mwaka 1986 alirudi Prague, muji alimozaliwa, kucheza ku upande wa Marekani. Watangazaji wa uwanja hawakutaja jina lake. Walisema tu "muchezaji mwanamuke wa Marekani". Bantu waliokaa ku viti wakamupigia makofi. Munaona: muntu ambaye jina lake ni Alirudi amerudi, na njo jina hilo lilikatazwa mu kinywa.

Ni kwa nini wanakataza jina? Sababu mwenye jina hawezi kusogezwa kama meza.

KOLONE ZETU

Sasa tujiangalie wenyewe. Mwanzo wa mwaka wa shule tulitoa kaye na kalamu kwa batoto. Tulifanya orodha, na orodha ilikuwa na kolone ine: refoulé wa 1992 na 1993, rapatrié wa Zambia, déplacé wa vita, mwenyeji. Yule mama wa Kasai hakuingia mu yoyote. Hakufukuzwa, hakutoka Zambia, hakukimbia vita, hakuzaliwa hapa. Alifuata bwana yake aliyekuja kutafuta kazi. Tukafungua kolone ya tano, tukaandika "wengine". Na kaye zilipopunguka, "wengine" hawakupata.

Hakuna muntu wa inje aliyetuandikia orodha ile. Mimi nilikuwa mu komite. Nilisaini.

Mutoto alianza kozi na karatasi zilizoshonwa na uzi. Mu mwezi wa pili akaitwa kilulu. Siwezi kusema jambo la kwanza lilizaa la pili. Lakini namna gani nimufundishe mutoto wa mwanachama heshima, na mimi nimekwisha kumutoa mwenzake mu hesabu ya bantu kwa kalamu ya bic, bila kelele, bila tusi?

Nilimuita baba wa aliyetukana. Nilifikiri atamupiga, nikasimama karibu. Hakumupiga. Alikaa ku benchi ya klasi, magoti juu sababu benchi ni ya batoto, na akamuelezea kitu ambacho hajapata kumuelezea: mahali alipolala mwaka 1992, na namna walivyoitwa. Mutoto akasikiliza. Kiisha akauliza: "Papa, hata weye ulikuwa kilulu?"

Baba hakujibu mara moja. Na mimi sikumusaidia, sikuwa na neno. Mwisho akasema: "Walisema hivyo." Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nimefikiri jibu hilo siku nyingi. Njo jibu la muntu aliyebeba neno la wengine miaka zaidi ya makumi tatu, na anaona mutoto wake amelipokea ku njia ingine.

Ile siku ya mposho batoto wawili walikaa benchi moja. Sisemi kama wamekuwa marafiki. Nasema tu walikaa pamoja, na Kicheki kina neno kwa hilo.

Bababa na bamama, nina maombi matatu.

La kwanza. Orodha zetu zote zianze na jina la muntu. Kolone ya pili iwe haja yake: kaye, dawa, kilio, nyumba. Habari ya alitoka wapi iandikwe mwisho, na isiamue nani anapata.

La pili. Anayesikia "kilulu" mu kozi yetu, mu mukutano wetu ao mu nyumba yake, asinyamaze na asipige. Aulize: "Uliliokota wapi?" Kiisha aeleze. Batoto wetu wanajua kama tulirudi. Hatukuwaambia tulirudi toka wapi. Nyumba ikinyamaza, mutoto anajifunza ku soko.

La tatu. Yule mama apokelewe kuwa mwanachama toka mwezi huu, na muchango sawa na wetu wote. Hakurudi toka mahali, ni kweli. Lakini nani kati yetu aliuliza yule mama Musanga kama sheria ya chama ilimuruhusu kukaa juu ya mizigo yetu?

Bandugu wa mbali, najua fomu zenu zinaomba kolone, na tutaendelea kuzijaza, sababu franga ya watu inataka hesabu. Lakini mukiona mu ripoti zetu jina la muntu linatangulia hali yake, musifikiri ni kosa la mwandishi. Nanyi mukituandikia, kama mahali munapoandika "beneficiary" panatosha kuandika jina, andikeni jina. Mu kakitabu ka katoni yenu, neno "beneficiary" halimo. "Neighbour" limo.

Nimesema mingi. Aksanti. Twasakidila. Wafwako. Natotela. Na kwa Kicheki, vijana wangu, tuseme pamoja: děkuji.

Maneno ya wanaoandika bulletin: Kiisha mazungumuzo haya wanachama walikubali ombi la kwanza na la tatu kwa mikono. Juu ya ombi la pili, bazee wawili walisema kama mambo ya 1992 yasielezwe kwa batoto wadogo. Mashauri yataendelea ku mukutano unaofuata. Kaye za kolone ya "wengine" zilinunuliwa na muchango uliokusanywa pale pale mu chumba cha mukutano, na zimekwisha kutolewa.